Solo ya kompyuta inakimbia tu haina mwelekeo, tatizo liko wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napiga gita mwaka wa tatu sasa, sina bendi ya kufanya nayo mazoezi kwa hiyo nimeanza kutumia Band-in-a-Box, naandika kodi (chords) tu yenyewe inanitolea dramu, besi na piano. Hapo sina shida, inasaundi vizuri. Shida ni pale ninapoiambia initungie solo. Noti zinakimbia kimbia hazina mwelekeo, sehemu nyingine zinagongana kabisa na kodi, nikibonyeza tena inakuja nyingine tofauti kabisa na ya kwanza. Ni kompyuta yangu dhaifu, nakosea mimi, au ninunue toleo kubwa? Nimeshakariri mbili noti kwa noti na mwenzangu mmoja anasema huo ni udanganyifu na nitaharibu sikio. Pia nikipiga pamoja nayo gita langu linasikika limechelewa kidogo, na wiki hizi mbili kifundo cha mkono wa kushoto kinauma nikiifuatisha ile solo ya kasi. Halafu nikiiweka kwenye wimbo wangu, ni yangu au ya nani?"

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Hilo swali moja lina maswali kama matano ndani yake, nitayajibu yote ila sio kwa mpangilio uliouliza. Naanza na mkono, kwa sababu solo mbaya unaifuta unaanza upya, lakini kano ikishaumia haifutiki hivyo.

Programu inapotunga solo haina vidole. Inajua noti hii inaingia kwenye kodi hii, basi, haijui kwamba kidole chako kiko freti ya tatu na noti inayofuata utaipata freti ya kumi, haijui kidole kidogo kinachoka, haijui kitu kinaitwa kupumua. Piga hesabu mwenyewe: tempo ya 160, yaani biti 160 kwa dakika, noti nne kwenye kila biti, hizo ni noti zaidi ya kumi kwa sekunde moja. Kwa mashine kupiga noti kumi kwa sekunde na kupiga moja ni kazi ileile, kwako wewe ni tofauti kubwa sana. Mpigaji gita akitunga solo ya kasi anatunga kutokana na mahali mkono wake ulipo, kwa hiyo hata ikiwa ngumu inakaa mkononi, ila hii ya mashine imetungwa bila mkono wa mtu yeyote. Ndio maana unajikunja kuifuata.

Kwa hiyo ile ya kasi iache kuanzia leo, sio upunguze, acha, na mkono uupumzishe siku kadhaa. Ukiona wiki imepita na bado unauma, au unapata ganzi, au vidole vinachomachoma kama sindano, au maumivu yanakuamsha usiku, au kikombe kinakuponyoka, nenda kwa daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo na ukiweza nenda na gita lenyewe akuone unavyolishika. Hapo mimi siwezi kukusaidia kwa maandishi, lazima mtu auone mkono. Na tafadhali usipige juu ya maumivu ukidhani mkono utazoea, nimeona wanafunzi wazuri wakipoteza miezi mizima kwa kuamini hivyo.

Sasa tuje kwenye solo. Kompyuta yako haina kosa lolote. Band-in-a-Box ilitoka mwaka 1990, imetoka kwa Peter Gannon na kampuni yake ya PG Music huko Kanada, na ilikuwa inatembea kwenye kompyuta za wakati ule ambazo simu yoyote ya leo inazipita mbali sana. Sababu ni kwamba MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya umeme vinaongea tangu 1983, haibebi sauti. Inabeba maagizo tu: piga noti namba fulani, iachie, ipigwe kwa nguvu kiasi fulani. Noti zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 127, C ya katikati ya kinanda ni 60, nguvu nayo inapimwa hadi 127. Solo nzima ya MIDI ni faili dogo kuliko picha moja uliyopiga kwa simu. Kwa hiyo udhaifu wa kompyuta unaweza kukuletea sauti inayokatakata, lakini hauwezi kukuletea solo isiyo na mwelekeo.

Na toleo kubwa je? Hapa nakuomba usikimbilie kutoa hela. Kikubwa unachoongezewa kwenye matoleo makubwa ni rekodi, yaani wanamuziki wa kweli walioingia studio wakapiga misemo, yaani vifungu vifupi vya noti, mingi ya besi, gita, saksafoni, na programu inazikata na kuziunga kufuata kodi zako. Saundi inapanda sana, hilo sikatai, saksafoni ina pumzi ya mtu ndani yake. Ila tazama kilichobadilika ni nini: kila msemo umepigwa na binadamu lakini aliyeamua huu ufuatwe na ule bado ni programu. Utapata solo inayosikika kama mtu halafu bado haiendi popote, na mimi naona hiyo inachanganya zaidi kuliko ile ya MIDI yenye sauti ya plastiki, kwa sababu sikio linashawishika kwamba kuna mtu anasema kitu.

Kuelewa kwa nini iko hivyo, angalia programu inaamuaje noti inayofuata. Hii kazi sio ya juzi. Mwaka 1957 Lejaren Hiller na Leonard Isaacson kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa Illiac Suite, muziki wa vyombo vinne vya nyuzi ambao kompyuta ilisaidia kuutunga. Njia zao kwa ufupi ni kwamba kompyuta inarusha namba kwa bahati nasibu, kisha kanuni zinachuja, noti inayovunja kanuni inatupwa inarushwa nyingine. Sehemu nyingine walitumia uwezekano, yaani ukiwa umetoka kupiga noti hii kuna nafasi kubwa zaidi ya kwenda pale kuliko kule. Mpaka leo programu nyingi ndani yake zina kitu cha namna hiyo, tofauti ni wingi wa kanuni na ubora wa misemo iliyowekwa ghalani. Ukibonyeza kitufe inaangalia kodi ya kwanza, inachagua msemo unaoingia, inaangalia kodi ya pili, inatafuta msemo unaoanzia karibu na pale ulipoishia wa kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Ukibonyeza tena bahati nasibu inarushwa upya, ndio maana inakuja nyingine kabisa. Sio kwamba imeharibika. Na kwa sababu hiyo, ukisikia baa mbili tu ulizozipenda hifadhi faili kwanza kabla hujabonyeza tena, maana hazitarudi.

Unajua shairi ambalo vina vimekaa, kila kipande kina mizani nane, ukighani linaghanika, lakini ukifika ubeti wa mwisho hujui mtunzi alitaka kusema nini? Hivyo ndivyo hizo solo zilivyo. Kwenye kila biti iko sahihi. Mpigaji wa kweli anaanza na kajambo kadogo, noti tatu nne, anakarudia kwa juu kidogo, anakaacha, anakarudia tena amekageuza, anapandisha mpaka kilele halafu anashuka, na ukimuuliza baa ya kumi na mbili anakumbuka alichosema baa ya pili. Programu nyingi za aina hii hiyo kumbukumbu hazina au zinayo ya baa chache. Tena wewe umeipa nini? Umeipa kodi, tempo na staili. Hujaiambia wimbo unahusu nini, ubeti wa tatu unalia au unacheka, melodi yenyewe ikoje. Haisikii wimbo wako ndugu yangu, inasoma kodi ulizoandika, na chochote usichoandika hakipo.

Hapo ndipo nakuja kwenye noti kugongana, na hapa naomba uwe mvumilivu kidogo maana kwa uzoefu wangu kosa kubwa la wanaoanza liko kwenye kuandika kodi. C7 na Cmaj7 watu wanazichukulia kama ndugu wa karibu, lakini C7 ina B flati na Cmaj7 ina B kamili, nusu toni (freti moja kwenye gita) katikati yao, na nusu toni ndio umbali unaouma kuliko wote noti mbili zikilia pamoja. Sasa wewe kwenye gita unashika Cmaj7 kwa sababu ndivyo sikio lako linavyotaka, lakini kwenye programu umeandika C7 kwa sababu ulikopi kwenye karatasi ya mtu. Besi na dramu hazitakuonyesha kosa, besi inapiga C na G zaidi, hizo ziko kwenye kodi zote mbili. Solo ikija inakanyaga B flati kwa nguvu zote na wewe unasema programu imekosea. Au umeandika herufi m ndogo badala ya kubwa, hapo umegeuza kodi nzima kuwa maina (minor). Au wimbo una kodi mbili ndani ya baa moja na wewe umeandika moja, basi nusu ya baa solo iko kwenye kodi ambayo bendi ya kweli ingekuwa imeshaiacha. Chukua wimbo wako mmoja, piga kodi moja moja taratibu ukilinganisha na ulichoandika, na imba melodi juu yake. Nina hakika utakuta mbili tatu za kurekebisha.

Ila sio kila mgongano ni kosa, na hili nalo ni muhimu kwa sababu ukifuta kila noti iliyo nje ya kodi utabaki na solo ya mtoto anayejifunza kupanda na kushuka ngazi. Kuna programu ya bure inaitwa Impro-Visor, imetengenezwa na Robert Keller wa chuo cha Harvey Mudd huko California, mimi naipenda sana kwa kufundishia kwa sababu inapaka noti rangi. Nyeusi ni noti zilizomo kwenye kodi, kijani ni zile zinazoipa kodi ladha bila kugombana nayo, bluu ni noti za nje ambazo zinakaribia kuingia kwenye noti ya kodi, nyekundu ni za nje ambazo haziendi popote. Ukikaa nayo siku chache jicho linaanza kulisaidia sikio. Unagundua kwamba noti ya nje fupi ambayo mara moja inateleza nusu toni kwenda kwenye noti ya kodi inasikika tamu, na noti ileile ukiikalisha kwenye biti ya kwanza ukaishikilia inasikika kama umepotea njia. Kwa hiyo unaposikia mgongano jiulize imekaa wapi, imekaa muda gani, na baada yake imeenda wapi. Mfano F juu ya Cmaj7. Ipitishe haraka ukienda E, nani atalalamika? Isimamishe hapo biti mbili uone.

Hiyo Impro-Visor pia inatunga solo, inatumia sarufi, yaani kama sentensi ilivyo na nafasi ya nomino na nafasi ya kitenzi, hapa kuna nafasi ya noti ya kodi, nafasi ya noti ya kukaribia, nafasi ya kunyamaza, halafu noti zenyewe zinajazwa kwa bahati. Unaweza kuifungua hiyo sarufi ukaona na kuibadilisha. Kuna na hizi za mitandao ya neva, yaani akili bandia inayojifunza kutokana na mifano mingi ya muziki, mfano mradi wa Magenta wa Google ulioanza 2016 ulikuwa na modeli inayotunga melodi kufuata kodi unazoipa, na siku hizi kuna zile zinazokutolea wimbo mzima umeshapikwa kwa kuandika sentensi moja tu. Hizi za mwisho zinaweza kutoa kitu kinachosisimua kweli, lakini kwa mtu anayejifunza naona hazifai kwa sababu kwa kawaida zinakupa sauti iliyoganda, huwezi kushika noti moja ukaisogeza, huoni kodi, huoni chochote, unasikiliza tu. Wewe kaa na kitu unachoweza kukifungua.

Sasa ufanyeje ili solo iwe na mwelekeo. Kwanza iombe kidogo. Usiiombe mizunguko mitatu ya wimbo, iombe baa nne, kwa sababu baa nne ndizo inazoziweza. Kwenye Band-in-a-Box kuna namna ya kupokezana baa nne nne, inapiga nne inakuachia nne, hiyo kwangu ndio sehemu yenye faida kuliko zote kwenye kitengo cha solo na watu wengi wanaipita. Inapiga nne, wewe chukua noti tatu za mwisho ilizoishia na uzijibu. Usishindane na kasi yake. Ikipiga noti thelathini wewe jibu na tano zilizokaa mahali pake.

Pili, kama unatafuta solo ya kuweka kwenye wimbo, itoe mara nyingi, hata kumi, kila moja hifadhi kwa jina lake, halafu sikiliza ukiwa umeweka gita chini na utafute vipande, sio solo. Kwenye kumi utapata labda vipande vitatu vya baa mbili mbili ambavyo vinakufanya ukunje uso kwa raha. Chukua hivyo vitatu, vingine tupa bila huruma. Kipande kimoja kifanye ndio neno kuu, kiweke mwanzo, kirudie baadaye kikiwa kimebadilishwa mwisho, katikati acha kimya, kimya cha baa nzima kabisa usiogope, bendi ya nyuma ipo inajaza. Futa noti. Kuediti solo ya mashine kwa sehemu kubwa ni kufuta, nadhani kwenye solo nyingi nusu ya noti zinaweza kuondoka na muziki ukabaki na hata ukaongezeka.

Na njia ya tatu, hii ndio dawa yenyewe ya neno mwelekeo ulilolitumia. Mwelekeo kwenye solo unatoka kwenye noti ya tatu na ya saba ya kila kodi, kwa sababu hizo ndizo zinazosogea kodi ikibadilika. Chukua Dm7, G7, Cmaj7, ile safari inayopatikana kila mahali. Dm7 ina F (ya tatu) na C (ya saba). Ukienda G7, F inabaki palepale na C inashuka nusu toni inakuwa B. Ukienda Cmaj7, B inabaki na F inashuka nusu toni inakuwa E. Umeona? Kila kodi ikibadilika noti moja inakaa na nyingine inashuka hatua ndogo, ni kama mtu anashuka ngazi huku ameshika ukuta. Piga hizo noti tu, ndefu, bila pambo lolote, juu ya bendi ya kompyuta, na utasikia kwamba tayari umeshapiga kitu chenye mwelekeo kuliko ile ya noti kumi kwa sekunde. Ukishaisikia hiyo ngazi kichwani, rudi kwenye solo ya programu uangalie ni wapi imeifuata na wapi imeiruka, pale ilipoiruka ndipo ulipokuwa unasikia inakimbia tu.

Kuhusu mwenzako anayesema ni udanganyifu, naomba tutenganishe vitu viwili. Bendi ya kusindikiza sio udanganyifu hata kidogo. Kuanzia 1967 Jamey Aebersold, mwalimu wa jazi wa Marekani, alitoa rekodi za besi, piano na dramu ili mwanafunzi apige juu yake, tena alizipanga besi upande mmoja wa stereo na piano upande mwingine ili mpiga besi aizime besi na mpiga piano aizime piano. Wewe unafanya hilohilo ila unaweza kubadilisha tempo na kii. Programu kama iReal Pro zinafanya hivyo kwenye simu tu na watu wazima wenye majina wanazitumia kwa mazoezi. Na kukariri solo noti kwa noti nayo ni njia ya zamani na nzuri, wakubwa wengi wa jazi wamejifunza hivyo.

Lakini ulichokikariri ndicho kinachonipa wasiwasi, hapo mwenzako ana nusu ya ukweli. Ukikariri solo ya mtu unakariri maamuzi yake, kwa nini alinyamaza pale, kwa nini alirudia, anavyokaa nyuma kidogo ya biti, hivyo vyote vinakuingia bila kujua. Ukikariri solo ya mashine kuanzia mwanzo mpaka mwisho unakariri pia ile tabia ya kuongea bila kusikiliza ulichosema. Kwa hiyo mimi ningekushauri solo nzima nzima ukariri za watu, na kwa sikio sio kwa karatasi, za mashine chukua vipande tu. Na chochote unachochukua kiimbe kwanza. Hata kama sauti yako sio nzuri imba, ukishindwa kuimba baa mbili basi bado hujazisikia, vidole vimezibeba tu na vitazisahau.

Kuna na hasara moja ambayo hukuiuliza ila lazima nikwambie kwa sababu umesema huna bendi. Bendi ya kompyuta haikusikilizi. Ukipandisha moto dramu haipandi na wewe, ukikosea baa haikungoji, ukishusha sauti mpaka kunong'ona piano inaendelea vilevile. George Lewis, mpiga tromboni wa Marekani, kwenye miaka ya 1980 alitengeneza programu inaitwa Voyager ambayo inamsikiliza mpigaji na kuamua yenyewe imjibu au iende zake, kwa hiyo mashine kusikiliza sio jambo lisilowezekana, lakini hii uliyonayo haifanyi hivyo. Ukikaa nayo peke yake miaka miwili utakuwa na muda mzuri na kodi nyingi kichwani halafu siku ukikaa na watu utapiga kama uko chumbani peke yako. Tafuta mtu mmoja, mmoja tu, hata anayejifunza, hata kama anapiga ngoma ya mkono, mkutane mara moja kwa wiki. Na mwalimu wa ana kwa ana hata mara moja kwa mwezi, hasa kama unajirekodi na kusikia kwamba unakimbia biti kila ukianza solo au hujui kwa nini kifungu fulani hakikai, kwa sababu hilo mtu anayekuangalia analiona kwa dakika tano na mimi kwa maandishi nitazunguka wiki nzima.

Gita kuchelewa ni rahisi. Kompyuta inachukua sauti kwa mafungu, fungu likijaa ndio inalishughulikia, na ukubwa wa fungu unaitwa bafa. Sauti ikiwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni kama milisekunde 23, na hiyo ni kuingia tu, kutoka nako kuna yake. Ukiishusha bafa hadi 256 inakuwa kama milisekunde 6, ukifika 128 ni kama 3. Milisekunde kumi ni kama umesimama mita tatu na nusu kutoka kwenye spika, hiyo mwili unaivumilia, ikifika thelathini arobaini unaanza kupigana nayo. Kwenye Windows hakikisha umechagua draiva ya ASIO, ile inayopunguza ucheleweshaji wa sauti, ya kadi yako ya sauti, shusha bafa taratibu mpaka pale sauti inapoanza kukwaruza halafu rudi hatua moja. Kama kadi yako ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja bila kupitia kompyuta kitumie, tatizo linaisha palepale. Na kama unatumia hedifoni za Bluetooth ziweke pembeni kwa mazoezi, mara nyingi zinachelewesha zaidi ya milisekunde 100 na hakuna bafa itakayokuokoa, chukua za waya. Ukiwa na hizo hedifoni usiweke sauti juu sana, dramu za programu hazichoki na wewe utajisahau, masikio yakianza kulia mluzi baada ya mazoezi na mluzi ukabaki hadi kesho yake, nenda ukapimwe.

La mwisho, solo ni ya nani. Mambo mawili yanachanganywa hapa. Moja ni leseni ya programu, inayosema unaruhusiwa kufanya nini na kilichotoka, hiyo isome yenyewe kwa sababu kila programu ina yake na zile za kutoa wimbo mzima mara nyingi zinatofautisha anayelipia na asiyelipia. La pili ni hakimiliki, yaani unaweza kumzuia mwingine asiitumie? Kwa mfano Marekani ofisi ya hakimiliki ilitoa mwongozo mwaka 2023 kuhusu kazi zenye vitu vilivyotengenezwa na akili bandia, na msimamo wake ni kwamba kinacholindwa ni mchango wa binadamu, kilichoamuliwa na mashine peke yake hakilindwi. Nchi nyingine zina sheria zao, kwa hiyo kama wimbo unaenda kusainiwa mkataba au umeanza kuingiza pesa ya maana muone mwanasheria wa mambo haya kabla hujasaini, usitegemee maelezo yangu. Kwa sasa fanya hivi: solo kama ilivyotoka hifadhi kwenye faili lake usiliguse, kila ukikata na kupanga upya hifadhi faili jingine lenye tarehe, na toleo la mwisho lipige mwenyewe kwa gita badala ya kuacha MIDI ilie, mkono ukishapona.